Mkimbiaji na Vijana wa Weihsien

Sabato Mchana

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mhubiri 11:9, 10, Luka 2:52, 1 Wakorintho 9:24–27, 1 Wakorintho 6:19, 20, Marko 2:23–28, Mathayo 5:43–48, 3 Yohana 2.

Mwezi Septemba mwaka 1943, kundi kubwa la watoto wa shule liliingizwa katika lango la kambi ya Weihsien, katika jimbo la Shandong, China. Walikuwa wanafunzi wa shule ya bweni ya Chefoo, wengi wao wakiwa watoto wa wamisionari. Jeshi la Japani lilikuwa limewakamata pamoja na walimu wao. Wazazi wa wengi walikuwa mbali, upande wa pili wa mstari wa vita, na baadhi ya watoto hawakuwa wamewaona baba na mama kwa miaka kadhaa.

Kambi ilizungushiwa ukuta, seng'enge na minara ya walinzi. Ndani yake waliishi watu zaidi ya 1,400 wa mataifa mbalimbali, wamebanana katika vyumba vidogo. Chakula kilikuwa haba. Kwa watu wazima kulikuwa na kazi za jikoni, za kupiga pampu za maji na za kusafisha vyoo. Lakini kijana wa miaka 14 au 16, mwenye mwili unaokua na damu inayochemka, angefanya nini kutwa nzima ndani ya ukuta?

Miongoni mwa wafungwa alikuwamo mwanamume mmoja wa Scotland, mwenye umri wa miaka 41, mpole, mwenye kipara. Watoto walimwita Mjomba Eric. Miaka 19 kabla ya hapo alikuwa ameshinda medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki. Juma hili tutaangalia maisha ya Eric Liddell, na hasa jinsi alivyotumia kipawa chake cha miguu kwa ajili ya vijana waliokuwa hatarini kuvunjika moyo.

Jumapili
Mvulana wa Shule ya Bweni

Eric Henry Liddell alizaliwa tarehe 16 Januari 1902 mjini Tientsin, kaskazini mwa China. Wazazi wake, James na Mary Liddell, walikuwa wamisionari Waskoti wa Shirika la Misheni la London. Mwaka 1908, Eric akiwa na miaka sita tu, yeye na kaka yake Robert waliandikishwa katika shule ya bweni ya wana wa wamisionari jijini London. Wazazi wakarudi China. Kuanzia hapo barua ndizo zilizobeba upendo wa nyumbani, na barua kutoka China zilichukua majuma mengi kufika.

Eric alikuwa mtoto mwenye haya na asiyesema sana. Hakung'ara kwa maneno, bali uwanjani alikuwa mtu mwingine. Shuleni hapo, ambapo baadaye palijulikana kama Eltham College, alicheza raga na kriketi, akawa nahodha, na mbio zake zikaanza kusimuliwa. Michezo ilimpa marafiki, nidhamu ya kila siku, na mahali pa kujulikana kama Eric, si kama mtoto wa watu walio mbali.

Hili ni jambo la kuzingatia. Baadaye, alipokutana na watoto wa Chefoo waliotenganishwa na wazazi wao, hakuhitaji kusimuliwa jinsi upweke wa bweni ulivyo. Aliujua, na alijua pia kitu kimoja kilichokuwa kimemsaidia kuubeba.

Soma Luka 2:52. Fungu hili linataja njia zipi ambazo Yesu alikua katika utoto na ujana wake? Kwa nini ni hatari kumlea kijana katika njia moja tu na kusahau nyingine?

*Fikiria kijana mmoja wa kanisani kwako anayeishi mbali na wazazi wake. Ni nani anayejua jinsi anavyotumia saa zake za jioni?*

Jumatatu
Siku Aliyokataa Kukimbia

Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma sayansi, Eric aliingia katika riadha kwa bidii. Aliichezea Scotland mara saba katika raga. Mwezi Julai 1923 alishinda mbio za yadi 100 katika mashindano ya taifa ya Uingereza kwa sekunde 9.7, na rekodi hiyo ya Kiingereza ilidumu kwa zaidi ya miaka 30. Mwezi huohuo, mjini Stoke-on-Trent, aligongwa akaanguka mwanzoni mwa mbio za yadi 440. Wengine wakawa wametangulia kwa yadi zipatazo 20. Aliinuka, akawafuata, akawapita, na mwisho wa mstari akadondoka kwa uchovu.

Mwaka huo pia alianza kushuhudia mbele za watu. Rafiki yake mwinjilisti, D. P. Thomson, alimwalika azungumze na wanaume katika mji wa Armadale. Watu walikuja kumwona mkimbiaji, wakamsikia akieleza kwa maneno machache na ya kawaida jinsi anavyomtegemea Mungu.

Kisha ikaja Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924. Mbio za mita 100, ambazo wengi waliamini ni zake, zilipangwa kuanza Jumapili tarehe 6 Julai. Eric alikuwa amelelewa kuishika Jumapili kama siku takatifu. Msomaji anayeishika Sabato ya siku ya saba ataona tofauti ya siku, lakini ataitambua dhamiri iliyokuwa kazini. Ratiba ilipojulikana, miezi kadhaa kabla ya michezo, alisema hatakimbia. Aliziacha pia mbio mbili za kupokezana vijiti ambazo mchujo au fainali yake ilikuwa Jumapili. Baadhi ya watu walimlaumu kwamba ameisaliti nchi yake. Yeye akaanza kujiandaa kwa umbali ambao haukuwa wake, mita 400.

Tarehe 9 Julai alipata medali ya shaba katika mita 200. Tarehe 11 Julai, katika fainali ya mita 400, alipangiwa njia ya nje kabisa, ambapo mkimbiaji hawaoni wenzake. Kabla ya kuanza aliwapa mkono wapinzani wake, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akakimbia tangu mwanzo kama mtu anayekimbia mita 100, kichwa kimeinuliwa nyuma, mikono ikipunga hewani. Alimaliza kwa sekunde 47.6, muda ambao haukuwahi kufikiwa katika Olimpiki.

Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anatumia mazoezi ya mwanariadha kufundisha nini kuhusu kujitawala? Je, ni mazoea gani ya mwili yanayomsaidia kijana kuwa imara pia katika maamuzi ya dhamiri?

Jumanne
Mwalimu wa Tientsin

Wengi walitarajia kwamba baada ya Paris angevuna sifa na fedha. Mwaka 1925 alipanda meli na treni kurudi China, mji aliozaliwa, kufundisha sayansi na kusimamia michezo katika Chuo cha Kiingereza na Kichina cha Tientsin.

Wanafunzi wake walikuwa wavulana wa Kichina, wengi kutoka familia zenye uwezo. Aliwafundisha kemia asubuhi na kukimbia nao alasiri. Alishauri pia katika ujenzi wa uwanja wa michezo wa Minyuan mjini humo. Hakutafuta kuzalisha mabingwa. Alitaka kila mvulana ashiriki, ajifunze kushindwa bila chuki na kushinda bila majivuno. Mvulana asiyefungua moyo wake darasani huzungumza kwa urahisi akitembea kutoka uwanjani, jasho likimtoka, na mwalimu akiwa na vumbi lilelile miguuni. Eric aliutumia sana mlango huo.

Mwaka 1932 aliwekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka 1934 alimwoa Florence Mackenzie, binti wa wamisionari Wakanada, wakajaliwa mabinti. Tangu mwisho wa mwaka 1937 alihudumu vijijini Siaochang, katikati ya vita, akisafiri kwa miguu na kwa baiskeli kati ya majeshi yaliyopigana. Kaka yake Robert alikuwa daktari wa hospitali ya huko.

Hali ilipozidi kuwa mbaya mwaka 1941, alimpeleka Florence na mabinti wawili Kanada. Florence alikuwa mjamzito. Mtoto wa tatu, Maureen, alizaliwa mwezi Septemba mwaka huo. Eric hakuwahi kumwona. Mwezi Machi 1943 alichukuliwa pamoja na raia wengine wa mataifa yaliyopigana na Japani, akapelekwa Weihsien.

*Fikiria: mtu aliyetenganishwa na watoto wake mwenyewe aliwekwa mahali pamoja na watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Je, umewahi kuona Mungu akiutumia uchungu wa mtu kuwa faraja kwa mwingine?*

Jumatano
Vijana Ndani ya Ukuta

Njaa haikuwa hatari pekee ya Weihsien. Vijana walikuwa hawana faragha, hawana nafasi, na hawakujua kifungo kingeisha lini. Usiku ulipoingia, wengine walizurura gizani bila mtu mzima wa kuwauliza. Langdon Gilkey, mwalimu kijana Mmarekani aliyefungwa humo na baadaye akawa mwanatheolojia mashuhuri, alieleza katika kitabu chake juu ya kambi hiyo jinsi mwenendo wa vijana ulivyowatia watu wazima wasiwasi. Wengine walitaka kuhubiri na kukemea tu. Wengine walilalamika na kuendelea na shughuli zao.

Eric na wenzake wachache walichagua njia yenye kazi zaidi. Walipanga ratiba ya jioni kwa ajili ya vijana, na Eric akawa mtu wa kupatikana humo karibu kila siku. Kulikuwa na sataranji, kutengeneza mashua ndogo za mfano, na michezo ya pamoja. Mchana, katika uwanja mdogo wa kambi, alipanga mashindano ya mbio, mpira wa magongo na michezo mingine ya timu. Magongo yalipovunjika, aliyafunga kwa vipande vya mashuka na kuyapaka gundi, kisha akayarudisha uwanjani. Alifundisha pia hesabu na sayansi. Kwa kuwa hapakuwa na vitabu wala maabara ya kutosha, aliandika kitabu cha kemia kwa mkono na kuchora vifaa ambavyo wanafunzi wake hawangeweza kuvigusa.

Mtu anaweza kuuliza kama ni busara kuwakimbiza watoto wenye njaa. Swali hilo si la kupuuza. Mwili usio na chakula cha kutosha hauna akiba ya kuchezea. Wafungwa walijitahidi kuwalinda watoto kadiri walivyoweza, hata maganda ya mayai yalisagwa wakapewa unga wake ili mifupa ikue. Michezo haikuongeza mkate hata kipande kimoja. Lakini siku isiyo na mpangilio nayo hula mtu. Kijana aliyekuwa na mechi saa kumi alikuwa na sababu ya kuamka, wenzake wa kumsubiri, nafasi ya kutoa hasira kwa njia iliyo na sheria, na uchovu wa kumletea usingizi. Mtu mzima mmoja alijua jina lake, na angeuliza asipomwona.

Gilkey, aliyeandika bila kuwaficha wamisionari wengine makosa yao, alimkumbuka Eric kama mtu aliyekaribia utakatifu kuliko yeyote aliyewahi kumjua. Kilichomfanya aseme hivyo hakikuwa mahubiri. Alimwona jioni baada ya jioni, ameinama juu ya ubao wa sataranji au mashua ya mfano, akili yake yote ikiwa kwa vijana wale.

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Kwa kawaida fungu hili hutumika kuwaambia vijana wasifanye nini na miili yao. Je, linawaita pia wafanye nini?

Alhamisi
Mchezo wa Jumapili

Eric alikuwa amekubali kusimamia michezo yote ya vijana, isipokuwa siku ya Jumapili. Kila mtu kambini alijua sababu. Hata walinzi wangeweza kuisikia habari ya Paris.

Lakini Jumapili kambini ilikuwa siku ndefu. Baadhi ya vijana hawakuwa na dini ya kuwashika, na wengine walichoka kukaa. Siku moja wakajipangia wenyewe mechi ya mpira wa magongo, bila mwamuzi. Iliishia kwa ugomvi, na magongo ni kitu kibaya mikononi mwa watu wenye hasira.

Eric aliposikia, alilipima jambo hilo. Kulikuwa na mambo mawili mbele yake. La kwanza lilikuwa siku ambayo dhamiri yake iliitenga, siku ambayo kwa ajili yake aliacha dhahabu ya mita 100. La pili lilikuwa watoto wasio na baba karibu, wanaoumizana kwa kukosa mtu wa kupuliza filimbi. Jumapili iliyofuata walimkuta uwanjani. Alikuwa amekuja kuwa mwamuzi wao.

Watu wawili wanaweza kuisoma habari hii kwa njia mbili tofauti. Mmoja atasema kwamba hatimaye alilegea. Mwingine atasema kwamba alikuwa yuleyule. Ni vizuri kuangalia ni nani aliyepata faida katika kila uamuzi. Mjini Paris, kukimbia kungemletea yeye heshima, na alikataa. Weihsien, kusimamia mchezo hakukumletea chochote ila maneno ya watu, na alikubali. Yeye mwenyewe hakuanza kuicheza siku hiyo kwa ajili ya kujifurahisha.

Habari hii haimpi kila mtu ruhusa ya kuamua kwamba siku ya Mungu ni siku kama nyingine. Inauliza swali gumu zaidi: je, mzazi au kiongozi anayewaambia vijana kile wasichoweza kufanya katika siku takatifu amejitoa kuwa nao katika kile wanachoweza kufanya? Kijana anayefungiwa ndani alasiri nzima ya Sabato, huku watu wazima wamelala, hujifunza jambo fulani kuhusu Sabato. Anayetembezwa porini, akapanda kilima na kumsikia baba yake akitaja majina ya ndege na miti, hujifunza jambo jingine.

Soma Marko 2:23–28. Yesu anafundisha nini kuhusu kusudi la Sabato? Kanuni hii inawezaje kutunzwa bila kuigeuza kuwa kisingizio?

Ijumaa
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuelekea 1945, Eric alianza kuumwa kichwa na kuchoka kuliko kawaida. Madaktari wa kambi walidhani ni uchovu wa kazi nyingi. Wakati huo alimpa kijana mmoja wa Chefoo, Stephen Metcalf, ambaye viatu vyake vilikuwa vimekwisha, viatu vyake vya kukimbilia. Vilikuwa vimechakaa na kushonwashonwa kwa uzi, lakini ndivyo vilivyomlinda kijana huyo na baridi.

Eric alifariki tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na uvimbe ndani ya ubongo. Vijana wa kambi walisimama kwa heshima katika mazishi yake, na Metcalf alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Miezi sita baadaye, tarehe 17 Agosti, askari wa Marekani waliruka kwa miavuli, na lango la Weihsien likafunguliwa.

Eric alikuwa amewafundisha vijana hao kuwaombea Wajapani waliowafunga (Mathayo 5:43–48). Metcalf alilishika neno hilo. Mwaka 1952 alikwenda Japani kuwa mmisionari, akahudumu huko kwa miaka mingi.

Leo vijana wengi hawako nyuma ya seng'enge, lakini wengi hawasogei. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kutosha kuongeza mapigo ya moyo kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Takwimu za shirika hilo zinaonyesha kwamba zaidi ya vijana wanne kati ya watano, wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma kuliko wavulana. Mazoezi huimarisha moyo na mifupa, huboresha usingizi na umakini darasani, na hupunguza dalili za huzuni na wasiwasi. Hayahitaji uwanja mkubwa. Kuteka maji, kulima, kuruka kamba, kutembea kwenda shuleni na kucheza mpira wa makaratasi, vyote huhesabika.

Maswali ya Kujadili:

1. Eric Liddell alikuwa na kipawa ambacho dunia ililipa kwa medali. Alikitumia wapi kwa muda mrefu zaidi? Hilo linafundisha nini kuhusu vipawa vyetu?

2. Katika kanisa lenu, vijana wana nafasi gani ya kucheza, kutembea na kufanya kazi za mikono pamoja na watu wazima? Wasichana je, wana nafasi sawa na wavulana?

3. Jadilini uamuzi wa Eric kuhusu mchezo wa Jumapili. Ungekuwa mwalimu kambini, ungefanya nini? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

4. Soma Mhubiri 11:9, 10 na 3 Yohana 2. Afya ya mwili na furaha ya ujana zina uhusiano gani na hali ya roho? Taja kijana mmoja, moyoni mwako, ambaye juma lijalo utampa saa moja ya miguu yako.